Nyota Nne kwa Daktari Aliyesema "Sijui Bado"

Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko Mwanga hapa Kigoma, hatua chache kutoka sokoni, na nyota ninazogawa kwa kawaida ni za chaja, betri na vioo vya kubandika. Safari hii nakadiria huduma niliyoinunua kwa miezi tisa bila kujua kwamba nina haki ya kuihoji kama ninavyomhoji muuza betri: huduma ya kuambiwa ugonjwa unaitwaje. Mgonjwa ni dada yangu, fundi cherehani wa Ujiji. Ameniruhusu niandike ila jina lake nisilitie. Majina ya waliotuhudumia nayo nayaacha. Nikilalamika hawapo kujitetea, na nikisifu mtasema nimelipwa.

Ilianza Ramadhani ya 2022. Dada alikuwa mbele ya kioo chake cha kazini, anajipima kola ya mteja, akaona upande wa kulia wa shingo umejaa. Hauumi, hauwashi, ukiugusa ni mgumu kama kokwa ya chikichi. Mama wala hakusumbuka.

"Hilo rovu. Bibi yenu kaishi nalo mpaka kazeeka, na hakufa kwa hilo."

Bibi alikuwa mtu wa Kasulu, na kwa alivyokuwa akisimulia, zamani huko milimani kuona mtu mwenye rovu hakukumfanya mtu ageuze shingo. Chumvi haikuwa na madini joto, na tezi ya shingo ikikosa madini joto inavimba ikihangaika kufanya kazi yake. Hilo hata watoto wa darasa la tano wanalijua. Nalisema kwa sababu ndilo lililotuchelewesha: rovu lilikuwa jina tulilokuwa nalo tayari ndani ya nyumba, na mwenye jina mkononi hatafuti jingine.

Kliniki ya kwanza, ya kulipia, naipa nyota moja, na hiyo ni ya binti wa mapokezi aliyempisha mama kiti. Ultrasaundi ilichukua dakika 5. Karatasi ikasema uvimbe wa sentimita 4 kwenye tezi ya shingo, kulia. Damu ikapimwa homoni, ikarudi sawasawa. Mtu mwenye homoni sawasawa akaandikiwa vidonge vya homoni, eti tezi isinyae. Miezi mitano! Kila mwezi tulirudi, kila mwezi tulilipia kumwona daktari, na hakuna hata mwezi mmoja ambao mtu aliweka kidole shingoni mwa dada. Walikuwa wanaitibu karatasi.

Kazini kwangu ugonjwa huu naujua. Simu ikija haiingizi chaji, fundi mvivu anasema betri. Mara nyingi anapatia, ndiyo maana uvivu wake hauonekani. Siku tatizo likiwa kwenye bodi, atakuuzia betri tatu mfululizo, na kila moja atakuhakikishia kwamba ile ya kwanza ilikuwa feki. Ultrasaundi, nilikuja kuelezwa baadaye, inakuonyesha uvimbe uko wapi, ukubwa gani, una maji ndani au ni mnofu. Mnofu wa nini, haisemi. Na kitu kikiota ubavuni mwa tezi kikaigandamiza, kwenye skrini kinaweza kuonekana kama kimezaliwa humo humo.

Septemba uvimbe ulikuwa umefika sentimita 6 na sauti ya dada ikaanza kukwaruza, kama mtu aliyelala na kiyoyozi. Tukaenda pengine, mji mwingine, wakamchoma sindano nyembamba na kuvuta seli. Majibu yalikuja siku ya nane, picha ya karatasi kwa WhatsApp, saa 3 usiku, bila hata salamu: seli za saratani, umbo refu refu, inashukiwa saratani ya tezi aina ya anaplastiki, tezi yote iondolewe haraka. Chini yake ujumbe wa bei ya upasuaji.

Niliitafuta hiyo anaplastiki kwenye simu ya mteja iliyokuwa mezani (samahani mteja, bando lako nilikurudishia). Nilisoma kwamba ni katika saratani kali kuliko zote, nyingi humaliza mtu kwa miezi, na kwamba huwashika zaidi waliovuka miaka 60. Dada alikuwa na 29. Huo umri ulikuwa swali kubwa mbele ya macho yangu, mimi nikauona ni mkosi tu.

Mama aliacha kuliita rovu. Aliacha kuliita chochote.

Wale wa sindano nawapa nyota mbili. Wamenikera kwa ile WhatsApp mpaka leo, lakini wao ndio walitutoa kwenye vidonge. Neno saratani lilikuwa la kweli. Kilichokosewa ni saratani ya nini, na hapo ndipo ilipolala hela yote, na shingo yote.

Tukauza pikipiki, tukapanda treni ya Dar. Sisi wa mwisho wa reli tunajua safari hiyo, usiku mbili kwenye kiti na miguu inavimba kama mikate. Uvinza mama akatoa kichwa dirishani anataka chumvi ya kumpelekea shangazi. Dada akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki mbili: "Mama, bado unatibu rovu?" Mama akarudisha kichwa ndani. Mpaka Nguruka hakusema neno, kisha akaanza kucheka na yeye, wakacheka mpaka abiria wa mbele akageuka. Tabora akanunua asali badala yake. Behewa la chakula, kwa mnaotaka kujua, wali wake ulikuwa wa nyota tatu na nusu, chai usiguse.

Sasa hospitali ya Dar, kubwa, ya rufaa. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana kuliko nilivyotarajia. Akamwamkia mama shikamoo, akasoma karatasi zetu zote, akazifunika kifudifudi mezani. Akaomba glasi ya maji.

"Dada, piga funda, halafu meza nikiangalia."

Akamezesha mara tatu, vidole vyake viwili shingoni. Uvimbe wa tezi hupanda na kushuka mtu anapomeza, kwa kuwa tezi imeshikamana na koo la hewa. Huu ulipanda kidogo tu, kwa kuchelewa, kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Si dalili ya kuapia, alisema, kwa sababu hata saratani ya tezi ikishanata kwenye nyama za jirani huacha kucheza. Akamuuliza umri. Akaandika. Akamuuliza tena.

"Karatasi inasema anaplastiki. Inawezekana. Lakini kwa miaka 29 nina wasiwasi, na hizi seli ndefu zinaweza kuwa zaidi ya kitu kimoja. Ni nini hasa, sijui bado. Na sikati kitu nisichokijua."

Mama alimaka. "Baba, tumekaa kwenye treni usiku mbili kuja kuambiwa hujui?"

"Mama yangu, nikiukata kama rovu kumbe si rovu, nitauchokonoa na kuacha mabaki shingoni. Kuna uvimbe unaotolewa pamoja na nyama nzima iliyouzunguka, mara moja. Ukikosea mara ya kwanza, ya pili huwa ngumu sana. Nipe muda."

Hii ndiyo sentensi ninayoilipia nyota. Mimi mwenyewe nimepoteza wateja kwa kuwaambia "niachie mpaka kesho, sijaliona tatizo". Wanakwenda kibanda cha pili, wanaambiwa betri, wanafurahi.

Akaagiza picha ya sitiskani ya shingo na kifua. Ilipotoka alituita tuangalie skrini. Kati ya uvimbe na tezi kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, wa mafuta, unaoonekana kwa sehemu kubwa na kupotea mahali pamoja ambapo viwili hivyo vilikuwa vimegusana sana. "Kama umetoka ndani ya tezi, huu mstari usingekuwepo," alisema. Kifua walikiangalia kwa sababu aina aliyokuwa anaishuku hupenda kukimbilia mapafuni. Kilikuwa safi.

Kisha kipimo cha kinyama, yaani kukata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe, kwa sindano nene safari hii. Tofauti nimeielewa hivi: sindano nyembamba inavuta seli moja moja, ni kama kumwaga herufi za gazeti mezani na kuulizwa habari ilihusu nini. Sindano nene inakata kijiti cha nyama chenye seli zikiwa zimekaa kwenye mpangilio wake, yaani kipande cha ukurasa.

Baada ya hapo tukasubiri. Siku ya kumi na moja nikaenda dirisha la maabara kuuliza, nimekasirika, nimevaa lile koti langu la kazini lenye madoa ya risasi ya kuchomea. Mwanapatholojia alikuwa anapita. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nachomelea bodi za simu chini ya darubini. Akaniangalia kidogo, akasema, "Njoo basi uone darubini ya wenzako."

Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa nakilipia. Kinyama kinalowekwa kwenye fomalini kisioze, kinakaushwa maji, kinazamishwa kwenye nta iliyoyeyuka mpaka kinakuwa kitofali kidogo cha nta. Kitofali kinaparuzwa kwa kisu cha mashine kutoa utando wa mikromita 4 hivi, na unywele wa mtu una unene mara kumi ya huo na zaidi. Utando unabandikwa kwenye kioo, unatiwa rangi, ya waridi na ya zambarau. Nikachungulia. Seli nyembamba zimepangana kwa mikondo, kama dagaa waliofurika kwenye nyavu pale Kibirizi. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema atalitumia kwa wanafunzi wake.

"Dagaa hawa," akasema, "wanaweza kuwa wa ziwa nne tofauti." Anaplastiki ya tezi inaweza kuwa na umbo hili. Saratani nyingine ya tezi, ya seli zinazotengeneza homoni ya kalsitonini, inaweza pia. Ya tishu laini, yaani misuli, mafuta na mfano wake, inaweza. Hata baadhi ya uvimbe wa mishipa ya fahamu. Jicho peke yake haliwatenganishi, na mwenye kusema linawatenganisha ana haraka.

Kwa hiyo wanatumia kingamwili. Kila kingamwili hunata kwenye protini moja, na ikinata wanaitia rangi ya kahawia. Ni sawa kabisa na mimi ninapogusa multimita sehemu moja moja ya bodi kuuliza umeme umefika hapa au haujafika. Thairoglobulini, protini ambayo tezi ndiyo inayoitengeneza: hakuna kahawia. TTF-1, alama nyingine ya tezi: hakuna. Kalsitonini: hakuna, ile ya pili ikatoka kwenye mchezo. Nikataka kushangilia. Akanizuia. Anaplastiki, alisema, ni saratani iliyosahau kwao, mara nyingi inapoteza thairoglobulini na TTF-1 pia, kwa hiyo kukosa alama za tezi hakutoshi kuthibitisha kwamba haikutoka kwenye tezi. Akaongeza PAX8, ambayo anaplastiki nyingi hubaki nayo hata zikisahau mengine. Hakuna. Kisha akaacha kutafuta kisichokuwepo, akatafuta kilichopo: keratini kidogo kidogo hapa na pale, protini nyingine iitwayo EMA ipo, na moja iitwayo TLE1 ikawaka kahawia kwenye kiini cha karibu kila seli.

Ningekuwa mimi ningesema basi, nimepata. Yeye akasema sasa nina mshukiwa. TLE1 inaweza kuwaka na kwenye uvimbe wa aina nyingine. Kinachofunga kesi ni jeni.

Hicho kipimo hakikufanyika pale, kitofali kilipelekwa nje ya nchi. Na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotea. Kila kingamwili ililipiwa peke yake, na kila malipo yana kaunta yake, risiti yake, na safari ya kurudi dirishani kuonyesha risiti. Zilitutoka laki tatu na nusu kwa vipande vipande, wakati tungeambiwa jumla tangu mwanzo tungejipanga. Kipimo cha jeni kikala milioni moja na laki mbili. Halafu fomu ya kusafirisha kitofali ikalala siku 9 kwenye trei ya mtu aliyekuwa semina. Siku tisa, na uvimbe unakua. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakukuwa na mtu tu ambaye kazi yake ni kuuliza, "ile ya yule dada wa Kigoma imeondoka?" Kazi hiyo nikaifanya mimi, kila asubuhi, mpaka mlinzi akawa ananiita mfanyakazi.

Majibu yalirudi mwishoni mwa Januari 2023. Katika seli za dada, kipande cha kromosomu X na kipande cha kromosomu 18 vimekatika na kubadilishana mahali, na jeni mbili zisizojuana, SS18 na SSX, zimeungana. Wanaiona kwa vitone vya kung'aa, chekundu na kijani, vinavyobandikwa pande mbili za jeni ya SS18. Kwenye seli isiyo na ugonjwa vinakaa pamoja. Kwa dada vilikuwa vimeachana, kila kimoja kona yake. Ninayeunganisha waya kwa riziki nilielewa haraka kuliko nilivyopenda: mtu kachomelea njia mbili zisizohusiana, na sasa swichi haizimi.

Ugonjwa unaitwa sakoma ya sinovia. Jina lenyewe la kizushi, kwa sababu sinovia ni utando wa viungo na watu wa zamani waliona inaota karibu na magoti wakadhani inatokea humo. Haitokei humo. Ni saratani ya tishu laini, huwapata zaidi vijana na watu wazima wasiozeeka, mara nyingi miguuni na mikononi. Shingoni ni nadra, na ikikaa ubavuni mwa tezi, hata mjuzi atasema tezi kwanza. Sakoma zote kwa ujumla ni kama asilimia 1 tu ya saratani za watu wazima, na hii ni aina moja kati ya nyingi. Siwalaumu sana basi walioanza kwa kusema tezi. Nawalaumu walioishia hapo.

Dada alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si ile?"

"Si ile," daktari akasema. "Na hii si nyepesi, nisikudanganye. Ila sasa najua nakata nini."

Msomaji atauliza jina lilibadilisha nini. Kwanza, kisu. Februari walitoa uvimbe mzima pamoja na nyama ya kuuzunguka na upande wa kulia wa tezi, pale ulipogusana. Upande wa kushoto ukabaki, na unatosha, hamezi kidonge cha homoni hata kimoja. Ile karatasi ya WhatsApp ilikuwa inataka tezi yote, na kuwa bila tezi ni kumeza vidonge maisha yako yote. Pili, baada ya upasuaji kuna waliokuwa wametuandaa kisaikolojia kwa vidonge vya ayodini yenye mionzi. Hiyo dawa inafanya kazi kwa sababu seli za tezi zinakula ayodini, mionzi inaingia nayo. Sakoma haili ayodini. Tungelipa, tungekaa chumba cha peke yake, na dawa ingepita kama mgeni aliyekosea nyumba.

Badala yake alipigwa mionzi ya nje, siku 30, Jumatatu mpaka Ijumaa, Ocean Road, ile taasisi ya saratani ya Dar. Hao nawataja kwa jina kwa kuwa sina la kuwalalamikia: foleni ndefu lakini inatembea, na wahudumu wanakumbuka jina lako ifikapo wiki ya pili. Ngozi ya shingo iliungua ikawa kama kaa, akashindwa kumeza chochote isipokuwa uji na juisi ya parachichi. Ikapona. Sauti haijarudi yote. Anasema wateja wa kiume sasa wanabishana naye bei kidogo kuliko zamani.

Kila baada ya miezi mitatu, na sasa minne, anapigwa picha ya kifua. Ya mwisho ilikuwa safi, alhamdulillahi. Hatujaambiwa amepona. Tumeambiwa hii inaweza kurudi hata baada ya miaka, kwa hiyo picha zinaendelea.

Kama una mtu na uvimbe shingoni, hospitali kuu ya mkoa wetu ni Maweni, anza huko au popote penye daktari atakayeweka kidole. Uvimbe unaokua, mgumu, au sauti inayobadilika, usiusubirishe vidonge. Ukiambiwa saratani, uliza: seli zimeonekana au nyama imeonekana? Kingamwili zimepimwa zipi? Umri wangu unaendana na jibu hili? Watakuona mjuaji, vumilia. Na uliza namba ya kitofali chako. Hatukujua kwamba kile kitofali cha nta hakitupwi, maabara inakitunza, na daktari mwingine akitaka kukiangalia upya miaka ijayo anakiomba kwa namba, bila kumchoma mgonjwa tena. Haya hakuna aliyetuambia mpaka nilipouliza mwenyewe, na hiyo pia ni sehemu ya nyota iliyopungua.

Namba ya dada nimeiandika kwenye plasta ya karatasi, nimeibandika ukutani kibandani, pale ninapobandika namba za simu za wateja zinazosubiri spea. Juzi mteja mmoja akaikodolea macho, akaniuliza hiyo ni simu ya nani, mbona ina vumbi na mwenyewe hajaja kuichukua.